Maonyesho ya ndege mbuai: kurusha mbele ya watu bila mtu wala ndege kuumia

Maswali ni yaleyale kila anapoingia mtu mpya kwenye kazi hii. Viti vikae wapi? Vikanda vya miguuni nimvue au nimwache navyo? Ndege akitua kichwani mwa mtoto, nianze na nini? Nimechoka kuyajibu vipande vipande, kwa hiyo nimeyaweka hapa kwa kufuata siku ya onyesho inavyokwenda. Ninayemwandikia ni wewe uliyekabidhiwa ndege kwenye bustani ya wanyama. Unajua kumbeba, naye anakuja ukimwita, ila hujawahi kumrusha mbele ya umati. Kama bado anakuja kwako akiwa kwenye kamba ndefu ya mazoezi, onyesho lisubiri.

Kabla ya yote, shika hili: ndege mbuai, yaani ndege wala nyama kama tai, kipanga na bundi, huenda palipo na nyama. Tangazo la kipaza sauti halimhusu. Ukimlisha mara kumi kwenye kitulio kilicho nyuma ya safu ya tatu, umemfundisha kwamba safu ya tatu ndiyo njia ya kwenda mezani. Kwa hiyo ninaposema usalama, sehemu kubwa nazungumzia mahali unapoweka chakula na mahali unapoweka vitulio.

Yapo pia mambo ambayo hutayaona. Mwaka 2016 nchini Australia, tai mkubwa wa kule anayeitwa wedge-tailed aliwafuata watazamaji katikati ya onyesho na kumshika mvulana kichwani. Mtoto aliponea kwenye majeraha madogo. Shahidi mmoja alisimulia kwamba mvulana huyo alikuwa akipandisha na kushusha zipu ya koti lake. Sisemi zipu ndiyo iliyomwita tai, lakini tangu niliposoma habari ile sijawahi kumtoa tai bila kuwa na mtu wa kuangalia viti tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mizani inayosoma gramu moja moja, iliyofungwa kitulio kidogo juu yake, pamoja na daftari la uzito.
- Glavu za ngozi zinazolingana na ndege. Ya kipanga mdogo haifai kwa tai. Kwa tai na bundi wakubwa tafuta nene inayofika kwenye kiwiko.
- Vikanda vya miguuni vya aina mbili: vya kufungia, vyenye tundu mwishoni, na vya kurukia, visivyo na tundu.
- Kifaa cha kufuatilia ndege kwa mawimbi ya redio au GPS, betri mpya, na kipokezi ulichokijaribu asubuhi hiyohiyo.
- Redio za mkononi, moja kwa kila mfanyakazi.
- Watu watatu kwa uchache: wa kurusha, wa kupokea, na wa kuangalia watazamaji. Huyu wa tatu asipewe kazi nyingine yoyote, hata ya kushika kipaza sauti.
- Sanduku la kusafirishia ndege, lenye giza na hewa, na taulo kubwa nene.
- Kisanduku cha huduma ya kwanza, sabuni na maji safi ya kutosha.
- Utepe mwepesi wa kufunga kwenye mti ili uone upepo unaelekea wapi. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapa, na ndicho ninachokitazama mara nyingi zaidi.

Hatua ya 1: Chora uwanja

Chukua karatasi. Weka viti, njia za watu, miti, nyaya za umeme, madirisha ya kioo na madimbwi. Kisha weka vitulio na uchore mstari kutoka kimoja hadi kingine.

Hapa wageni wengi hukosea. Wanachora mstari ulionyooka hewani, kutoka kitulio hadi kitulio, wakidhani ndege atapita juu vile. Hapiti hivyo. Kipanga anapoitwa hujiachia kutoka kwenye kitulio, hushuka hadi karibu na ardhi, huja chini-chini, kisha mwishoni hujivuta juu na kutua. Njia yake ni kama kamba ya nguo iliyolegea. Vitulio viwili vyenye urefu wa mtu vinaweza kumfanya apite katikati kwenye usawa wa uso wa mtoto aliyekaa. Basi chora ile kamba iliyolegea, na chochote kilicho chini ya tumbo lake kiondoe: kiti, kigari cha mtoto, miguu iliyonyooshwa kwenye njia.

Kama lazima ndege apite juu ya watu (na najua wakubwa wa bustani hupenda jambo hilo kuliko yote), inua vitulio vyote viwili mpaka sehemu ya chini kabisa ya njia iwe juu ya kichwa cha mtu mrefu aliyesimama. Halafu tumia ndege mwepesi. Yule bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo ana gramu 300 na kitu. Akimgusa mtu bahati mbaya, ni mshtuko na mkwaruzo. Tai wa kilo 4 ni habari nyingine, na kwangu mimi tai hapiti juu ya watu, hata mkurugenzi aseme nini.

Angalia pia majirani. Ndege akikosea hutua popote, na kwenye bustani ya wanyama popote ni pamoja na ndani ya zizi la simba. Andika mapema nani ana ufunguo wa zizi gani na namba yake ya redio.

Hatua ya 2: Mpime ndege

Mpime kila siku saa ileile, mizani ileile, kabla hajala, na baada ya kutapika kile kitonge cha manyoya na mifupa cha chakula cha jana. Akiwa bado hajakitapika, namba utakayopata si ya kweli, tena hapaswi kulishwa wala kurushwa mpaka kitoke.

Kila ndege ana uzito wake wa kuruka, yaani pale anapokuwa na hamu ya chakula na bado ana nguvu. Usiazime namba ya ndege wa mwenzako, hata kama ni wa aina moja. Jike katika aina nyingi za ndege mbuai ni mkubwa kuliko dume, na hata majike wawili hawalingani. Kumbuka pia kwamba gramu 20 kwa jike wa kipanga wa Harris (aina ya kipanga wa Amerika) mwenye kilo moja ni kitu kidogo, ila kwa bundi wa gramu 300 ni tofauti kubwa sana.

Onyo: kosa la kujificha hapa ni kumshusha uzito ili "asitoroke". Ndege mwenye njaa kupita kiasi hupiga kelele, hufunika nyama kwa mabawa, hurukia glavu ikiwa mbali, na mwisho hurukia chochote kinachofanana na nyama mkononi mwa mtu. Mzito atakaa juu ya mti akuaibishe. Huyu mwepesi ndiye atakayemwumiza mtu. Ukiniuliza nichague, nachagua aibu.

Hatua ya 3: Kagua miguu na vifaa

Mshike ndege kwenye glavu, tazama nyayo zake kwa chini: uvimbe, wekundu, vidonda. Kisha kagua vikanda. Pinda ngozi kati ya vidole viwili. Ikionyesha ufa, itupe leo, usisubiri kesho.

Kabla hajaruka, toa kamba ya kufungia, toa kile kiungo cha chuma kinachozunguka, badilisha vikanda vyenye tundu uweke vya kurukia. Tundu hunasa kwenye kijiti. Kamba hujizungusha kwenye tawi. Ndege aliyenaswa huishia kuning'inia kichwa chini, na huko juu hakai hai muda mrefu. Nina desturi moja: kamba niliyoivua naivaa shingoni. Kama shingo yangu haina kamba, ndege bado anayo, na mkono haufunguki.

Washa kifaa cha kufuatilia, kisha msikilize mwenzako mwenye kipokezi aseme kwa sauti kwamba amekipata. Kuona taa ikiwaka hakutoshi.

Hatua ya 4: Soma upepo na anga

Ndege hupenda kutua akielekea upepo. Upepo ukimpiga kutoka nyuma huja kwa kasi, huipita glavu, hugeuka huko nyuma yako na kurudi. Sasa jiulize: nyuma yako kuna nini? Kama ni viti, umempeleka mwenyewe. Kwa hiyo tazama utepe, halafu hamisha kitulio au hama wewe, mpaka mahali anapoweza kupitiliza pawe uwanja mtupu.

Upepo ukianza kuyumbisha miti midogo, mimi nafunga. Mvua ikilowesha manyoya ya bundi, hali kadhalika.

Jua la mchana lina hila yake. Ardhi ikipata joto, hewa hupanda, na tai na tumbusi huipanda kama ngazi. Dakika chache tu ni nukta angani, na nyama yako ya chini haina maana tena kwake. Warushe asubuhi au jioni. Na ukiona ndege yeyote anahema mdomo wazi akiwa ametulia tu, mrudishe kivulini.

Mwisho, zungusha macho juu. Tai wa porini akiwa eneo hilo, subiri aondoke.

Hatua ya 5: Panga nyama

Kata vipande, vihesabu, viandike. Vipande 12 vikitoka, vipande 12 vipatiwe hesabu. Kipande kilichoanguka karibu na viti ni mwaliko wa kesho, maana ndege atapakumbuka.

Mkoba wa nyama ukae kiunoni, umefungwa, wakati wote. Hili nimejifunza vibaya. Siku moja kipaza sauti kilikuwa kinasumbua, nikautundika mkoba kwenye mgongo wa kiti kitupu cha safu ya mbele ili mikono iwe huru. Kabla sijaupata waya uliolegea, jike wa kipanga alikuwa amesimama juu ya kiti kile, bawa lake moja likigusa kitambaa cha bibi aliyekaa kiti cha pili. Bibi hakutikisika hata kidogo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu anataka nini?" Nikamjibu, "Bibi, anautaka mkoba wangu, tulia hivyohivyo." Nilimwita kwa glavu akaja. Hakuna aliyeumia, ila lile lilikuwa kosa langu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kama ile nafasi ya pili angekaa mtoto wa miaka mitatu mwenye mikono isiyotulia, habari ingekuwa nyingine.

Kwa sababu hiyohiyo, watazamaji wasile wakati wa onyesho. Soseji mkononi mwa mtoto haina tofauti na kipande kilicho kwenye glavu yako.

Kuhusu chanzo cha nyama: nunua vifaranga waliogandishwa kutoka kwa muuzaji anayejulikana, na usilishe kuku wala ndege wa porini waliokutwa wamekufa. Mafua ya ndege ya aina ya H5N1 yanaua ndege mbuai, na yanaweza kumpata binadamu. Mamlaka ya mifugo ikitangaza mlipuko karibu, fuata maagizo yao hata kama tiketi zimeshauzwa.

Hatua ya 6: Waandae watazamaji

Zungumza nao kabla ndege yeyote hajatoka. Maneno yawe machache, maana watu hushika mambo matatu au manne tu:

- Kaa kwenye kiti mpaka uambiwe usimame.
- Mtoto mdogo akae mapajani, asibebwe mabegani.
- Mikono chini. Usinyooshe simu wala kijiti cha simu juu ya kichwa.
- Ndege akikukaribia, tulia. Usimpige, usikimbie.

Mbwa wabaki nje ya uwanja, hata wale wadogo wa kubebwa kwenye mkoba, hao hasa. Droni ni marufuku. Wakati mtangazaji anaongea, yule mtu wa tatu apite kwenye safu akitazama: kigari cha mtoto kilicho njiani, kofia yenye manyoya, kikaragosi chenye mkia. Mtu wa kiti cha magurudumu apewe nafasi nzuri ambayo haipo chini ya njia ya ndege. Mara nyingi hupangwa mwisho wa safu, na mwisho wa safu ndipo ndege wanapopita.

Hatua ya 7: Rusha mmoja mmoja

Sema kwenye redio, "Ndege anatoka." Mpokeaji ajibu, "Niko tayari." Mtu wa watazamaji ajibu, "Viti viko sawa." Jibu moja likikosekana, ndege harushwi. Yeyote kati ya hao watatu anaweza kusema "Simama", na hakuna kujadiliana hapo, maswali baadaye.

Ndege wa pili asitoke mpaka wa kwanza awe amefungwa au yuko ndani ya sanduku na mlango umefungwa. Bundi mkubwa anaweza kumuua mdogo mbele ya watoto mia mbili. Vipanga wa Harris ni kisa cha pekee kwa sababu porini huwinda kwa kundi, lakini hao nao waruke pamoja tu kama wamezoezwa pamoja na wanaelewana.

Glavu yenye nyama iwe mbali na uso, mkono umenyooka upande. Ukishamlisha, geuza mwili ili ndege awape watu mgongo.

Hatua ya 8: Mpokee, mfunge, funga hesabu

Fundo kwanza, kipande cha mwisho baadaye. Hesabu vipande, andika uzito na kila kilichokwenda kombo, hata kidogo. "Alipita karibu na safu ya kwanza" ikionekana mara tatu kwenye daftari, kitulio kihamishwe.

Kama kuna kupiga picha baada ya onyesho, chagua ndege mtulivu aliyekwisha kula, aliyefungwa kwenye mkono wako. Mgeni asimame pembeni yako, uso wake uwe mbali na wa ndege. Hakuna kushikashika. Aliyegusa glavu anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu maji ya vifaranga hubeba vimelea vya Salmonella.

Mambo yakiharibika

*Ndege ametua kwa mtazamaji.* Mwambie mtu huyo kwa sauti tulivu, "Tulia, tazama chini." Simama mahali pa wazi, inua glavu yenye kipande kikubwa, mwite. Usimkimbilie, ukimkimbilia atakaza.

*Kucha zimeingia na haachii.* Usivute. Kano za vidole vya ndege mbuai zina namna ya kujifunga zikishakaza, kwa hiyo ukivuta unazidisha. Mwenzako amfunike kichwa na mabawa kwa taulo, giza humtuliza. Nyoosha mguu wake taratibu. Mguu ukinyooka kano hulegea. Kisha fungua kidole cha nyuma kwanza, ndicho chenye nguvu, na vingine vitafuata.

*Mtu ameumia.* Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa. Usidanganywe na udogo wa tundu, kwani kucha huingia ndani sana na kuacha mlango mdogo. Aende kwa daktari siku hiyohiyo na aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda. Jicho likiguswa, usisugue wala usilikandamize. Lifunike kwa kitu kama kikombe kisichogusa jicho, na apelekwe hospitali mara moja.

*Ndege yuko mtini, hataki kushuka.* Maliza onyesho kwa ndege mwingine? Hapana. Watoe watu polepole, mtu mmoja abaki akimtazama bila kuondoa macho, wewe mwite kila baada ya dakika chache. Kumtupia vitu kunamfundisha kuruka mbali zaidi. Giza likiingia, andika tawi alilolala na uwe chini yake kabla hakujapambazuka.

*Kunguru wanamzonga.* Mwite haraka kwa kipande kikubwa na umwingize ndani. Ndege anayezongwa huruka popote, na hapo ramani yako haina kazi.

*Ndege yuleyule anarudia kuwafuata watu.* Mtoe kwenye ratiba. Angalia uzito wake wa wiki mbili zilizopita, kisha angalia nani alimlisha wapi. Kama uzito ni sawa na alilelewa na binadamu tangu akiwa kifaranga, tazama kalenda. Ndege wa namna hiyo hawaogopi watu, na msimu wa kuzaana ukifika humwona mtu kama mshindani kwenye eneo lake. Bundi wetu mkubwa ana tabia hiyo. Kila msimu huo unapoanza, anabaki kwenye banda lake, na nafasi yake kwenye ratiba anaichukua yule mweupe wa gramu 300.